Betri Isishuke Chini ya Nusu

Tarehe 6 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ukiondoa vikohozi vya hapa na pale, na mama mkwe wangu ambaye tangu nimjue hajawahi kukubali kwamba hajambo. Mwanangu ametimiza miaka miwili. Lile jina la utani ulilompa, Chiriku, limemkaa kama ngozi. Anaongea kutwa, na akikosa wa kuongea naye anaongea na ndoo. Baba yake bado yuko kambi ya barabara. Anarudi mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaamka, anaaga. Mimi niko palepale ghalani, nashona midomo ya magunia. Nikirudi jioni navua nguo za kazi mlangoni kabla mtoto hajanirukia, maana vumbi la nafaka na kifua chake haviivi chungu kimoja.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kitako. Sola uliyotufungia inatuaibisha. Kila jioni, sufuria halijashuka jikoni, ile kontrola yako ya ukutani, kisanduku cha kuongoza umeme, inalia "ta!", inawasha taa nyekundu, na nyumba nzima inazimika. Jumanne ilikata Chiriku akiwa katikati ya dawa. Kile kimashine cha kumvutisha dawa ya kifua kilinyamaza na kifuniko kikiwa bado usoni mwake. Nikabaki nampepea kwa daftari, kana kwamba kupepea ni dawa. Nesi amesema avute mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, bila kukosa, hasa mawingu ya Juni yakianza, maana baridi ndiyo inayombana. Nikikosa umeme nimekosa dawa. Unaelewa ninachosema.

Mama mkwe anasema, "Kitu mlichofungiwa na ndugu zenu kina wivu. Kinaona tunafurahi, kinazima."

Napima kwa ile mita uliyoniachia na naandika kwenye daftari kila inapokata. Lakini mimi si fundi. Fundi ni wewe. Njoo uangalie. Ni safari ya siku moja, na lori la saruji linapita kwako kila Jumatano. Dereva wake ndiye anayekuletea barua hii, kwa kuwa mtandao wa simu huku bondeni tunausikia kwa sifa tu.

Mwanao,
Mama Chiriku

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili chini ya kiti cha dereva, imefika na harufu ya dizeli na soksi. Namshukuru Mungu mko wazima. Msalimie mama mkwe wako, mwambie nami sijambo, ingawa najua hatauliza. Huku mwenye nyumba amepaka milango yote ya uani rangi moja, sasa ukirudi kazini unaweza kujikuta umeingia kwa mwenzio. Mimi nimeingia kwa fundi viatu mara tatu. Mara ya tatu alinipa kiti.

Haya. Kontrola haina wivu. Ina akili kuliko wote mnaolala chini yake. Ikikata, haijaharibika, inawalinda. Betri ya sola si mtungi wa maji, kwamba ukikauka unachota tena. Ni kama chungu kilicho jikoni. Ukikiacha kikauke juu ya moto kitapasuka, na maji utakayotia baadaye ni ya kulowesha majivu. Betri ikikaushwa leo, ikakaushwa kesho, ndani yake kuna sahani za madini ya risasi ambazo zinaota ukoko mweupe, na ukoko huo hautoki kwa jua wala kwa dua.

Kwa hiyo wasomee wote hapo nyumbani, kwa sauti: BETRI ISISHUKE CHINI YA NUSU. Ikishuka chini ya nusu kila siku, haimalizi mwaka. Kontrola ikisema basi, ni basi. Badala ya kuilaumu, jiulizeni nani anaangalia televisheni kuanzia saa kumi.

Kuja siwezi, kazi zimenibana. Na ukiniandikia namba za mita, ziandike kwa maneno. Tarakimu zinafutika njiani.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 29 Aprili

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Kwanza niambie, kwa nini siku hizi unaandika kwa herufi kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara? Dereva aliitupia barua jicho tu, akawa ameimaliza. Alipokuja mara ya pili aliniuliza, "Betri inaendeleaje, shemeji?"

Nilifanya ulivyoagiza. Nilimpa mama mkwe aisome kwa sauti, kwa kuwa mwenye sauti ni yeye. Mimi nikaenda ghalani. Niliporudi, betri ilikuwa juu ya ukuta, imekaa kwenye rafu mpya ya mbao nene, na seremala alikuwa anapigilia msumari wa mwisho.

"Mama, betri inafanya nini huko?"

"Si mama yako mdogo amesema isishuke chini ya nusu? Tumeupima ukuta kwa kamba. Nusu ni pale penye alama ya mkaa. Nikaongeza shibiri moja, tusije tukalaumiwa."

"Mama, nadhani alikuwa na maana nyingine..."

"Maana nyingine ipi? Kusoma nimesoma mimi." Akafungua barua, akaweka kidole. "Chini ya nusu. Ilikuwa sakafuni. Sakafu si chini? Mmeiacha betri chini tangu ifungwe, halafu mnauliza kwa nini inakata!"

Mama Mdogo, siku hiyo nilikuwa nimeshona magunia mia mbili na kumi. Vidole vilikuwa havifungi. Sikuwa na nguvu za kushindana na mbao.

Basi. Waya hazikufika huko juu, zikarekebishwa. Na tangu siku hiyo, amini usiamini, umeme haujakatika hata mara moja! Chiriku anavuta dawa yote, asubuhi na jioni. Televisheni inakwenda mpaka watangazaji wenyewe wachoke. Mama mkwe amekuwa mtaalamu. Watu wanakuja kuitazama rafu, na yeye anawaeleza huku ameshika fimbo ya kuonyeshea. Jirani wa kulia amepandisha betri yake. Wa kushoto ameipandisha mpaka darini, anasema yeye hafanyi mambo nusunusu.

Najua utacheka. Cheka, lakini mwanangu anapumua.

Mama Chiriku

*

Tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni salama. Nilicheka mpaka fundi viatu akagonga ukuta kuuliza kama nimepata msiba au harusi. Kosa ni langu. Nimewaandikia Kiswahili watu wanaojua Kiswahili. Kinachoshuka ni nguvu iliyomo ndani, si sanduku! Betri ungeiweka juu ya mnara ingekwisha vilevile, ila ikikudondokea ndiyo ungejua tofauti. Mkwe wako mwambie asimamishe darasa.

Halafu nikaacha kucheka. Umeandika "zikarekebishwa." Zikarekebishwa na nani? Na malaika? Nimefunga sola miaka kumi na minne, sijawahi kuona waya inayojirekebisha. Niambie haya, moja baada ya jingine, usiruke. Kontrola iko wapi? Inawaka taa gani? Waya za taa na za televisheni zinatoka kwenye kontrola, au zinatoka kwenye betri yenyewe?

Kama zinatoka kwenye betri yenyewe, basi hakuna aliyebaki kusema basi. Raha mnayoila sasa ni ya mtu aliyepika mbegu. Mbegu nazo hushibisha, mwanangu. Aibu huja wakati wa kupanda.

Jibu upesi. Mawingu hayangoji lori.

Kuhusu herufi, nimenunua kalamu nene, basi. Huwezi kumshika mtu kwa kalamu.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 21 Juni

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo tu.

Barua yako ilifika tarehe kumi Juni. Mawingu yalikuwa yametangulia, yalifika tarehe moja. Jumatatu, kabla barua yako haijafika, asubuhi taa iliwaka rangi ya chai. Nikawasha kimashine cha Chiriku. Kilizunguka kama mzee anayepanda ngazi, kikatoa mvuke kidogo wa dawa, kikasimama. Nilipoipima betri ilisoma volti kumi nukta nane. Nilijua hiyo si namba ya kitu kizima.

Chiriku alinyamaza. Unamjua mtoto huyu. Hajawahi kunyamaza hata akiwa anakula. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na alikuwa ananitazama tu, kama mtu mzima anayengoja uamuzi. Nilimfunga mgongoni, nikaona siwezi kumwona, nikamtoa, nikambeba mbele, nikakimbia mpaka zahanati na aproni ya ghalani. Nyuma yangu nilisikia mtu anahema. Mama mkwe. Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi, na njia nzima hakumlaumu mtu yeyote. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Walimvutisha dawa, wakamwekea hewa, tukakaa hapo mpaka saa saba mchana. Nesi alipotaka kumpima mara ya mwisho, Chiriku akamwambia, "Hapana, nimechoka na wewe." Nikaenda nyuma ya mlango, nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Sasa maswali yako. Kontrola iko palepale ukutani, chini ya rafu, haiwaki chochote. Waya zinatoka kwenye betri yenyewe. Aliyezirekebisha ni mimi.

Seremala alitaka kuishusha rafu ili waya za kontrola zifike. Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilikuwa nimekutazama ukifunga, nikajua ipi ni ipi. Nikazichomoa zote kwenye kontrola, za paneli na za taa, nikaziunga moja kwa moja kwenye betri, nikaacha kila mtu aamini ni rafu. Usiniulize mara ya pili. Kontrola yako ilikuwa inaihurumia betri kuliko mwanangu, na mimi nikachagua. Nilichagua vibaya, lakini nilijua ninachochagua.

Na wewe unijibu langu. Nimerudi kwenye daftari. Hizi ni namba za Februari na Machi, kabla ya rafu, kila siku kontrola ilipokata. Nakuandikia kwa maneno kama ulivyotaka. Kumi na mbili nukta tano. Kumi na mbili nukta tano. Kumi na mbili nukta tano. Zote ziko hivyo, mara arobaini na tisa. Mimi nimeishia darasa la saba, sikatai. Lakini karatasi uliyobandika ukutani kwa mkono wako inasema kumi na mbili nukta mbili ndiyo nusu. Mbona basi ilikuwa inatuzimia kabla hata ya kuifikia nusu? Ilikuwa inalinda nini?

Mama Chiriku

*

Tarehe 14 Julai

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Lori limepita mara tatu, mikono mitupu. Chiriku anaendelea, anakula, anagombana na ndoo.

Nimeishusha betri. Kontrola nimeirudisha kazini, waya zote zinapita kwake kama ulivyozifunga wewe. Kabla ya hapo nilimkalisha mama mkwe, nikamweleza yote, pamoja na waya. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Kwa hiyo rafu haikufanya kitu."

"Haikufanya kitu, mama."

"Na majirani?"

"Inabidi tuwaambie."

Akafikiri. "Waambie wewe. Lakini mwache huyu wa darini awe wa mwisho. Aliniambia mimi mwoga."

Televisheni nimeichomoa. Nimesema haitawashwa mpaka nijue betri imebakiwa na nini. Mama mkwe akaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Lakini kontrola inakata palepale, kumi na mbili nukta tano, na kwa jua hili la kuchungulia tu inakata mapema zaidi. Kwa hiyo tunampeleka mtoto zahanati. Asubuhi mimi, kabla ya ghala. Jioni mama mkwe. Ni mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mvua ndogo. Sijui kuibadilisha, na sigusi tena nisichokijua.

Dereva anasema barua ya Juni alikukabidhi mkononi. Anasema uliifungua mbele yake, ukaitazama kwa muda mrefu, ukasema, "Nimeelewa." Anasema ulikuwa umeishika kichwa chini miguu juu.

Mama Mdogo, kuna nini?

Mama Chiriku

*

Tarehe 26 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, nimeumia kidole. Ananiandikia fundi viatu. Andika ninavyosema, usipambe. Hilo la usipambe usiliandike. Umeshaliandika? Basi endelea.

Nashukuru mtoto amepona. Mkwe wako mwambie nimesema ahsante kwa miguu yake. Andika vizuri hapo, yule mwanamke ana maneno.

Sasa kazi. Chomoa kila kitu. Betri iache na paneli tu, siku tatu za jua, isiguswe hata na taa ya choo. Fungua vifuniko vyake sita. Ukiona sahani zinachungulia juu ya maji, ongeza maji ya betri ya dukani, yale safi, mpaka yazifunike. Usitie ya bomba. Usitie ya mvua. Vaa glavu, mtoto awe mbali.

Siku ya nne, kwenye kontrola, shikilia kitufe cha kulia mpaka namba zianze kupepesa. Kisha bonyeza cha kushoto, zitashuka kidogokidogo. Zikifika kumi na moja na nusu, acha, hesabu mpaka tano, zitatulia. Rudia kutazama. Mwite na mtu mwingine atazame.

Hapo ndipo kontrola inapopaswa kukatia, ni ukuta wa mwisho. Ile nusu si kazi yake, ni kazi yenu. Kila asubuhi, kabla hamjawasha kitu, pima kwa mita. Ikisoma kumi na mbili nukta mbili au zaidi, mko salama. Ikisoma chini ya hapo, siku hiyo ni kimashine cha mtoto peke yake. Betri yenyewe imeumia, sikufichi. Theluthi ya nguvu zake imekwenda, huenda na zaidi.

Uliuliza mbona ilikuwa inakata mapema.

Nilibonyeza kumi na moja na nusu. Ndivyo nilivyoona.

Andika hivyo tu. Hapana, hakuna la kuongeza. Nimesema hakuna. Funga.

Mama yako mdogo

Mimi fundi viatu naongeza hapa chini, yeye ametoka kuota jua. Akiuliza nitasema nilikuwa naandika anwani. Kidole chake ni kizima, kutwa anatunyooshea. Kilichoharibika ni macho. Yana ukungu, yote mawili, na yalianza kabla hajaja kufunga sola ya kwenu. Kazi ya kwenu ndiyo ya mwisho, baada ya hapo hajapanda bati la mtu. Juzi alilisalimia koti langu lililotundikwa, akalilaumu kwa kutoitikia. Barua zako namsomea mimi tangu ile ya rafu. Ile ya Juni nilimsomea mara moja tu. Zote huniomba nirudie, hiyo hakuniomba. Alikaa ndani siku tatu. Vifaa vyake vya kazi amevifunga kwenye gunia akaniambia nitafute mteja. Sijatafuta. Wasalaam.

*

Tarehe 19 Agosti

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Na kwako fundi viatu, habari za kazi. Anwani uliyoniandikia ilikuwa ndefu, lakini nimeielewa yote.

Siku tatu za jua zilitafutwa kwa siku tisa. Betri ilikunywa chupa mbili na nusu za maji. Nilivaa glavu za kuoshea vyombo, mama mkwe akamkalisha Chiriku nje ya uzio na akakaa naye huko, wakiniambia wote wawili kwa sauti nikae mbali na betri niliyokuwa naihudumia. Kisha nikabonyeza. Namba zikapepesa, zikashuka. Nilimwita mama mkwe atazame. Akatazama, akaenda kuleta miwani ya mumewe marehemu, akatazama tena. "Kumi na moja na nusu," akasema. "Na aandikiwe kwamba nimeona mimi." Nimekuandikia.

Jioni hiyo Chiriku alivuta dawa mpaka kichupa chake kikakauka. Kontrola haikulia. Asubuhi nikapima, kumi na mbili nukta tatu. Akavuta tena. Leo ni siku ya kumi na moja, na kila siku amevuta mara mbili, nyumbani, kwenye mkeka wetu. Betri imechakaa kweli. Tunawasha taa moja, tunachaji simu moja isiyo na mtandao, na televisheni ni Jumapili kwa saa moja, jua likiwa kali. Mama mkwe ndiye anayesoma mita kila alfajiri, kwa sauti, kama taarifa ya habari. Jirani wa kulia amekwishashusha yake. Wa darini bado anafikiri.

Sasa wewe.

Je, nilikukasirikia? Ndiyo. Siku mbili nzima nilikuwa nashona magunia kama mtu anayeshona mdomo wa adui. Ulijua huoni, ukapanda bati langu, ukabonyeza kitu usichokisoma, kisha ukanihubiria chungu na mbegu. Ungesema neno moja tu, "Mwanangu, nisomee namba hiyo," ningekusomea. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekushikia taa.

Siku ya tatu nikakumbuka mikono iliyochomoa waya ni ya nani. Kosa hili lina wazazi wawili. Wewe ulificha kwa sababu ya jina la fundi, mimi nilificha kwa sababu ya kuchoka, na katikati alikuwapo mtoto ambaye hajui volti ni nini. Nimesema, na sitarudia, wala wewe usilirudie kila siku ya kunywa chai.

Nesi ameniambia daktari wa macho anakuja zahanati wiki ya pili ya Septemba. Ukungu wa namna yako unaondolewa, mtu anaingia asubuhi, jioni anarudi nyumbani na bandeji. Jina lako nimeliandikisha, wewe ni wa nne. Usiniambie una kazi. Usiniambie umezeeka. Usiniambie kuhusu kidole. Utakaa kwetu mpaka macho yote mawili yamalizike, na ukianza kuona utaikagua kila waya niliyoigusa, na unitukane mbele ya mama mkwe, atafurahi sana. Gunia la vifaa lisiuzwe. Fundi viatu, hilo ni lako.

Barua hii simpi dereva. Kiti cha mbele cha lori ni changu Jumatano hii. Ghalani nimeomba siku tatu, nimepewa mbili. Chiriku naondoka nikimwaza, lakini anabaki na bibi yake, dawa yake na mita. Kwa hiyo fundi viatu apumzike, nitakusomea mimi, nimekaa karibu yako, mstari kwa mstari, na pale nilipoandika kwamba nilikukasirikia sitaparuka.

Ukishamaliza kulia, tufunge mizigo. Lori linageuka saa nane.

Mwanao,
Mama Chiriku